Siku Tatu Alizozibuni Graciella

Kila Jumatano baada ya masomo, wanafunzi wa kikundi cha filamu katika shule moja ya Naviundu walikutana na mwalimu wao, Maître Casimir. Kwa mwezi mzima walikuwa wamerekodi filamu fupi kuhusu takataka zinazotupwa mtoni. Sasa ilibaki kuunganisha picha, kusafisha sauti na kuandika maneno ya Kifaransa chini ya picha.

Kupanga ratiba na bajeti ya kazi hiyo alipewa Graciella, msichana wa miaka kumi na mitatu mwenye mwandiko mzuri. Alitakiwa kwenda mjini, kwenye studio ya fundi wa filamu ambaye wote walimwita Ya Dédé, yaani Kaka Dédé, akaulize kila kazi itachukua siku ngapi na itagharimu kiasi gani. Lakini siku ya kwenda, nyumbani kwao wasichana walikuwa wanasukana nywele, vicheko vimejaa uani, na Graciella hakwenda popote. Kesho yake asubuhi alipiga mistari kwa rula kwenye daftari, akaandika: siku tatu, faranga elfu tisini.

"Ulizungumza na nani?" Maître akauliza.

"Na Annie, yule fundi wa sauti wa studio," akajibu. Jina hilo alikuwa amelisikia mara moja tu.

Maître akamsifu mbele ya wenzake. Mialiko ya onyesho ikaandikwa: Jumamosi ya wiki inayofuata, saa nane mchana. Wa kwanza kualikwa alikuwa Mama Sofia, muuza samaki wakavu, aliyekubali kusimulia mbele ya kamera jinsi mwanawe alivyougua kwa kunywa maji ya mto.

Jumanne ya wiki hiyo, Maître na Graciella walipeleka picha studio. Ya Dédé alizitazama kwa muda, akatikisa kichwa.

"Jumamosi hii haiwezekani, Maître. Kuunganisha peke yake ni siku nne. Halafu sikilizeni huyu mama." Upepo ulikuwa umeifunika sauti ya Mama Sofia, maneno machache tu yalisikika. "Kusafisha hii ni siku mbili zingine, na umeme unakatika kila mara. Bei nayo ni elfu mia moja na sitini. Nani aliwaambia siku tatu?"

"Annie," Maître akasema.

Mwanamke aliyekaa kwenye meza ya pembeni akageuka. "Mimi? Huyu mutoto sijamwona hata siku moja."

"Annie, nilikukataza kutaja bei bila mimi," Ya Dédé akasema kwa ukali. "Sasa unakana mbele ya wateja."

Annie akachukua mkoba wake, akatoka nje. Graciella alitazama viatu vyake. Neno moja tu lingetosha, na hakulisema.

Jioni, kila alipomega tonge la bukari, ugali wa kwao, aliuona uso wa Annie. Kesho yake, kabla ya kengele, alimkuta Maître darasani.

"Maître, mimi sikwenda. Zile siku nilizibuni. Annie hakufanya lolote."

Maître alifunga taratibu kitabu alichokuwa akisoma. Afadhali angemgombeza. "Mimi umeniambia," akasema. "Annie bado hujamwambia. Na Mama Sofia."

Baada ya masomo wakarudi studio. Graciella alirudia maneno yale yale mbele ya wote wawili. Ya Dédé akamwomba Annie radhi.

"Jana nilitoka hapa kama mwizi," Annie akamwambia Graciella. Kisha akasogeza kiti. "Leta daftari."

Walisikiliza filamu dakika kwa dakika, wakiandika kila kasoro na muda wa kuirekebisha. Wakaongeza siku mbili kwa ajili ya umeme. Kikundi kilikuwa na faranga elfu mia moja na ishirini tu. Annie akashauri wanafunzi waandike maneno ya Kifaransa wenyewe, na elfu arobaini zikapungua.

Kazi iliyobaki ndiyo iliyomchoma zaidi. Nyumbani kwa Mama Sofia alikuta mgeni.

"Ni dada yangu," Mama Sofia akasema. "Ametoka Kambove kwa ajili ya filamu yenu. Ndiye aliyembeba mutoto wangu mgongoni mpaka hospitali."

Graciella akaeleza kwamba siku tatu alizibuni, na filamu haitakuwa tayari Jumamosi. Yule dada hakumlaumu; aliuliza tu kama kungekuwa na siku nyingine kabla ya Jumapili, kwa sababu Jumatatu alikuwa na kazi. Haikuwepo.

Wiki mbili baadaye filamu ikaonyeshwa. Sauti ya Mama Sofia ilisikika safi, na wazazi wakasikia kila neno. Wengine walipopiga makofi, Graciella alibaki ameinamisha kichwa, akimfikiria dada wa Mama Sofia aliyerudi Kambove bila kuona chochote. Maître Casimir akaja kuketi karibu naye.

"Filamu imekamilika, na uliyoyakosea umeyakiri," akasema. "Lakini kumbuka, Graciella: ratiba ni ahadi. Kila siku unayoiandika, kuna mtu anayeipangia safari, kazi, hata heshima yake. Usipojua, andika kwamba hujui, kisha nenda ukaulize. Aibu ya kutojua huisha pale unapouliza. Ya kudanganya, umeona mwenyewe ni wangapi walioibeba pamoja nawe."