Katuni za Bure

Kila alipotoka shule, Chiriku alipitia kwenye chumba cha ushonaji cha mama yake. Walimbandika jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Alipanga vifungo na kuokota vipande vya nyuzi, huku mama akikanyaga cherehani na mama mdogo akipiga pasi, akipokea wateja na kushika simu ya biashara.

Siku moja, akichezea simu hiyo, Chiriku aliona tangazo la katuni: "Tazama bure mwezi mzima." Alipobonyeza, akaombwa namba za kadi ya benki.

"Kama ni bure, kadi ya nini?" alijiuliza. Lakini hamu ilimzidi. Alichukua kadi ya mama kwenye droo, akajaza namba, akabonyeza "Nakubali" bila kusoma maandishi madogo ya chini. Muda si muda katuni zikamchosha. Akaifuta programu, akaisahau kabisa.

Miezi ikapita. Mama alikwenda kununua vitambaa, kadi ikagoma. Alirudi uso umemshuka.

"Pesa za benki zimepungua, na mimi sikuzitoa," alimwambia mdogo wake. "Simu na kadi tunazishika mimi na wewe tu."

"Dada, unaniita mwizi?"

"Sijakuita hivyo. Nauliza zimekwenda wapi."

Mama mdogo alichomoa pasi kwenye umeme, akachukua mkoba wake, akatoka bila kuaga.

Wiki iliyofuata mama alikwenda benki pamoja na Chiriku. Karani alitazama kompyuta yake, kisha akasema, "Hapa hakuna mwizi, mama. Kuna kampuni ya katuni inakukata kila mwezi. Mlijiunga kwa majaribio ya bure. Yalipoisha, wakaanza kuwatoza."

"Ni mimi, mama," Chiriku alisema kwa sauti ndogo. "Lakini niliifuta."

"Kufuta programu si kujitoa," karani alieleza. "Ni lazima uingie kwenye akaunti yako ukasitishe malipo."

Aliwaonyesha pa kusitishia, wakasitisha hapo hapo. Kuhusu pesa zilizokwisha kukatwa, alisema hazitarudishwa.

Kutoka benki walikwenda moja kwa moja kumtafuta mama mdogo. Walimkuta kwa dobi, ambako alikuwa amepata kazi. Chiriku alieleza yote huku akilia.

"Nisamehe, mama mdogo."

"Nimekusamehe, mwanangu. Wewe hukujua." Kisha akamgeukia dada yake. "Na wewe nimekusamehe. Ila kurudi, sirudi. Tumenyonya ziwa moja, dada, na hukuona shida kunishuku."

Mama alishindwa kumtazama usoni.

Njiani kurudi, mama alisema, "Anayekupa kitu bure huku anataka kadi yako, ameshapanga siku ya kukutoza. Soma mpaka mwisho, na usipoelewa, uliza. Kadi ya mtu usiiguse bila ruhusa yake. Mimi nami nilipaswa kuuliza benki kabla ya kumnyooshea kidole ndugu yangu."

Chiriku akamshika mkono. "Pesa zitapatikana, mama?"

"Pesa nitashona, nitazipata," mama alijibu. "Mdogo wangu ndiye sijui nitampataje."