Lango la Siri la Gumilar

Jumamosi ile jengo la vifaa vya umeme katikati ya jiji la Bandung, Indonesia, lilifurika watu hadi kwenye ngazi. Imas alikuwa akijipenyeza kati ya vibanda, mtandio wake wa rangi ya chungwa ukimteleza begani, ruta yake ya intaneti ameikumbatia kifuani kama mtoto mwenye homa. Alipomkwepa mtu aliyebeba boksi la televisheni, waya wa ruta ukanasa kwenye kiti cha fundi mmoja. Kiti kikavutika, na fundi nusura aanguke na bakuli lake la supu.

"Dada, kama unakitaka kiti, sema tu."

"Samahani, kaka! Sikukuona."

"Na shati hili lote?" Shati lake la maua ya manjano lilionekana tangu barabarani.

Imas akacheka, japo alikuwa ametoka nyumbani amenuna.

Fundi huyo aliitwa Gumilar. Aliipokea ruta, akaigeuzageuza. "Mgonjwa ana tatizo gani?"

"Ananifanya bubu." Imas akaeleza. Alikuwa mwimbaji wa nyimbo za Kisunda, lugha ya huko, na jioni aliwafundisha kuimba wanawake wa kwao waliokwenda kufanya kazi Taiwan na Hong Kong. Walikutana katika programu ya kuzungumza kwa sauti, na kompyuta yake ndiyo iliyokuwa ukumbi wao. "Sasa hawaingii. Juzi mmoja alibahatika. Mimi namsikia, yeye hanisikii. Nimeimba wimbo mzima, ananiuliza, 'Dada, umesinzia?'"

Gumilar akaangua kicheko. "Ruta yako nzima kabisa. Ni mlinzi mkali tu. Sauti inafika getini, yeye hajui aipeleke chumba gani, anaifukuza. Na kompyuta nayo ina ukuta wake wa kinga. Lazima tuseme na wote wawili."

"Wewe husema na mashine?"

"Mimi husema na kila kitu kisichonijibu. Ndiyo maana mpaka leo sijaoa."

Kesho yake alasiri Gumilar alipanda kilima hadi nyumbani kwa kina Imas. Mama yake Imas, ambaye mtaa mzima ulimwita Ambu, akamwekea sahani ya vibibi vya mboga vya moto na kukaa karibu, akijifanya anasoma gazeti. Gumilar aliipa kompyuta anwani isiyobadilika, akafungua kwenye ruta lango moja la kupitishia sauti, kisha akauambia ukuta wa kinga uiruhusu ile programu. Mvua ilikuwa ikipiga vigae.

"Haya, mwite mtu."

Imas akavaa vipokea sauti. "Wiwit? Wiwit, unanipata?"

"Dada!" Sauti ya Wiwit ililipuka kutoka Taiwan. "Nakupata! Nasikia mpaka mvua ya nyumbani! Usiseme kitu kwanza, niache niisikilize."

Imas akafuta macho kwa ncha ya mtandio. Gumilar akajifanya anakunja nyaya.

Tangu hapo simu zikaanza. Mwanzo Gumilar alipiga kuuliza hali ya ruta.

"Ruta haijambo," Imas alimjibu siku moja. "Mwenye ruta je, humuulizi?"

"Naogopa ataniambia hajambo, nikose la kuongeza."

"Basi mwenye ruta anaumwa njaa."

Wakala mlo wa jioni pamoja. Wakala mwingine. Imas akaanza kuvaa hereni za lulu hata akienda sokoni tu, na Ambu akaziona.

Jioni moja, katikati ya darasa, sauti ilikatika. Kabla Imas hajashika simu, ikarudi yenyewe. Darasa lilipokwisha akampigia Gumilar.

"Mpenzi, huwezi kuamini, leo imekufa ikafufuka!"

"Nimeifufua mimi," alisema kwa fahari. "Nilitaka kuwasikiliza, nikaona siingii. Nikapita mpaka ndani ya ruta yako nikiwa hapa hapa dukani, dakika mbili kazi ikaisha."

"Umepitaje?"

"Nilijiachia lango langu siku ile. Wateja wote huwaachia, ili wakikwama..."

"Nyumbani kwangu? Tangu siku ya kwanza?"

"Imas, niliingia leo tu. Naapa."

"Na mimi nitajuaje?"

Simu ikakatwa.

Jambo ambalo Gumilar hakulijua ni hili. Imas aliwahi kuolewa. Mumewe alikuwa ameichokonoa simu yake kwa siri, akisoma kila ujumbe, akijua kila duka alilosimama, na kila jioni akimhoji kwa upole kama anamuuliza habari za kutwa. Imas aliondoka katika ndoa ile akiwa anaogopa hata kucheka kwa sauti. Kuimba ndiko kulikomrudisha.

Alichomoa pini ya mtandio, akaididimiza kwenye kitundu cha nyuma ya ruta mpaka taa zote zikazimika. Ilipowaka ilikuwa kama imetoka kiwandani. Kazi yote ya Gumilar ilifutika, na darasa nalo likawa bubu. Wiwit alikuwa aimbe Jumapili ijayo kwenye sherehe ya wafanyakazi wenzake, na sauti ya juu bado ilikuwa inamshinda.

Gumilar alipiga simu, haikupokelewa. Akakaa dukani bila kuchekesha mtu. Kila aliporudia maneno yake mwenyewe, "wateja wote huwaachia", ndivyo yalivyozidi kumwaibisha. Akaanza kuwapigia wateja hao mmoja mmoja, akawaambia ukweli, akafunga malango yake yote. Wengine walishukuru. Mmoja alimtukana vizuri sana.

Asubuhi ya Alhamisi alikuwa kwenye baraza ya Ambu, mikono mitupu, shati jeupe lisilo na ua hata moja. Imas akatoka na gauni la nyumbani la batiki, nywele kazifunga ovyo.

"Umefuata nini?"

"Nimekosa. Sikuja kutengeneza. Nimekuja kukuelekeza, ukitaka. Utafanya kwa mikono yako. Mimi nabaki hapa hapa, nje."

Imas akaingia chumbani, akafungua dirisha la baraza. "Sema."

Gumilar akaeleza, Imas akabonyeza. Alikosea, akauliza, akakosea tena, akamfokea, akaelewa.

"Sasa weka nenosiri lako jipya. Mimi nageuka." Akageuka, akawakodolea macho kuku wa jirani.

"Kuna lango jingine lolote?"

"Soma orodha mwenyewe. Kitu usichokielewa, nitakueleza. Usichokitaka, kifute."

Alisoma yote. Palikuwa na lango moja tu, la sauti. Ndipo, bado akiwa upande wake wa dirisha, akamsimulia habari za yule mume. Gumilar alisikiliza bila kumkatiza, na alipomaliza, hakutafuta mzaha.

"Nataka kukuoa, Imas."

"Leo sina jibu."

"Nisubiri mpaka lini?"

"Ipite Idi kwanza."

Jumapili Wiwit aliimba, na sauti ya juu akaipata. Idi ikapita. Gumilar akaja na mama yake na mjomba wake, wamebeba sinia za keki na matunda. Wazee walizungukana kwa maneno matamu mpaka Imas, katika kebaya, blauzi yake ya kijani ya sherehe, akaona wanachelewa.

"Nimekubali," akasema, na mjomba akakwama katikati ya sentensi. "Lakini darasa langu halifungwi. Na chumba kile cha kuimbia ni changu peke yangu."

"Nitapiga hodi," Gumilar akasema.

Ambu akamkazia macho. "Na akikawia kukuitikia?"

"Nitakaa mlangoni, Ambu. Si atakuwa anaimba?"