Kuku wa Dirishani

Mama alikuwa ameshalishika paja la kuku na mdomo ameufungua, ndipo likaporwa mkononi mwake.

Wahudumu wa mgahawa waliokuwa wakipanga viti walibaki wameviinua. Aliyepora alikuwa binti mpiga picha, ambaye wote pale walimwita Lenzi. Alisimama akihema, paja amelibana kiganjani, rangi ya kahawia ikimchuruzika mpaka kwenye kiwiko.

"Unanipokonya chakula mdomoni?"

"Samahani, mama. Ni mbichi. Huyu ni kuku wa picha."

Tangu asubuhi alikuwa akipiga picha za menyu mpya. Kuku yule aliingizwa kwenye oveni kidogo tu, ngozi ikakamae, kisha akapakwa kwa brashi mchuzi mweusi uliochanganywa na sabuni ya vyombo, akang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Ndani alikuwa na damu. Hata mvuke uliopanda nyuma yake ulitoka kwenye pamba iliyoloweshwa na kupashwa moto. Wafanyakazi wote walijua kwamba chakula kikishawekwa meza ya dirishani, hakiliwi. Mama huyu hakujua. Alikuja bila taarifa, Lenzi akiwa stoo anabadilisha betri, akaona kuku wa moto amekaa peke yake, akavuta kiti.

Na balaa lenyewe ni kwamba huyu alikuwa mama mkwe mtarajiwa. Lenzi alimjua kwa picha tu, kwenye simu ya mchumba wake, mpishi wa mgahawa huo huo. Jumamosi wazee wa mchumba walikuwa waende kwa kina Lenzi kupeleka posa. Ndiyo kwanza wanaonana, na salamu yenyewe imekuwa kuporana nyama.

Mama alijifuta vidole polepole, akimkagua kuanzia viatu.

"Wewe ndiye mkwe wangu mpiga picha?"

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nilipomwona kuku huyu nikajua ni yule wako wa Ijumaa. Nikasema leo acha nimle akiwa wa moto."

"Kuku gani wa Ijumaa, mama?"

"Mbona unaona haya? Si yule anayeniletea mwanangu kila wiki? 'Mama, mkweo amekupikia.' Mimi nilikuwa nimeapa mwanangu haoi asiyejua jikoni. Kuku wako ndiye aliyenilainisha."

Lenzi akainua macho. Mlangoni mwa jikoni alisimama mpishi, taulo begani, jasho linamtoka. Alikuwa akimtikisia kichwa taratibu, kumsihi asikanushe, nyuma ya mgongo wa mama yake. Kisha akainamia simu yake, na ya Lenzi ikatetemeka mfukoni.

"Kubali tu, tafadhali. Nitakueleza. Nakupenda."

Aliusoma ujumbe ule mara mbili. Kulihitajika neno moja tu, ndiyo, na Jumamosi wazee wangefika. Nyumbani kwao mapazia yalishafuliwa kwa ajili yao. Lakini Lenzi hata yai la kuchemsha lilimshinda. Angesema ndiyo leo, halafu? Siku mama mkwe atakapomkabidhi mwiko, ajifiche wapi?

"Mwanangu, nakuuliza," mama alisema, na sauti sasa ilikuwa nyingine. "Kuku wa Ijumaa ni mkono wako, au si mkono wako?"

"Si mkono wangu, mama. Sijui kupika. Sijawahi kukupelekea hata chai."

Mama akageuka na kiti chake. Mpishi akasogea hatua chache, macho chini.

"Mama, nilitaka umpende."

"Ampende nani?" Lenzi aliwahi kujibu. "Huyo anayependwa ni nani? Kuku nampaka rangi ili auzike. Mimi ulinipaka ya nini? Ulinionea aibu?"

"Sikukuonea aibu. Nilimwogopa mama."

Mama hakusubiri zaidi. Alitoa simu kwenye pochi, akampigia kaka yake, msemaji wa familia.

"Kaka, ile safari ya Jumamosi haipo. Ndiyo, haipo. Usiniulize."

Akakata. Lenzi alianza kukunja miguu ya kamera. Alimpenda yule mwanamume kupita kiasi, na hilo ndilo lililomuuma. Mpishi akaja akasimama katikati yao.

"Mama, mimi nashinda jikoni, na nikirudi nyumbani nitaingia jikoni. Ndivyo ninavyopenda. Sitafuti mpishi mwingine wa kugombea naye sufuria. Namtaka huyu."

"Na maneno haya yalikuwa wapi siku zote?"

"Nilikuwa nayo. Niliogopa kuyasema."

Mama alimtazama kuku, kisha akamtazama Lenzi.

"Ungeniacha nimng'ate. Ningemtema, ungesema umeme ulikatika hakuiva, ukaomba radhi yakaisha. Kwa nini ulinipora?"

"Ungeugua, mama."

"Basi?"

"Basi tu."

Mama akashusha pumzi. Akaichukua tena simu amwambie kaka yake safari ipo, lakini Lenzi akaiwekea mkono juu.

"Usipige wewe, mama. Apige aliyedanganya. Asipowaambia wote kwa mdomo wake, mimi Jumamosi sipokei mgeni."

Mpishi hakubisha. Alimpigia mjomba na kuweka spika, wahudumu wote wasikie.

"Mjomba, kuku wote wa Ijumaa nilipika mimi. Mchumba wangu hajui kukaanga hata yai. Niliwadanganya, naomba mnisamehe. Namtaka hivyo hivyo alivyo."

Sauti ya mjomba ikatoka kwenye simu.

"Kwa hiyo mkioana, mpishi ni wewe?"

"Ni mimi, mjomba."

"Na lile paja langu analonigawia dada kila Ijumaa?"

"Litakuja kama kawaida."

"Dada, upo hapo? Mimi Jumamosi nakwenda, utake usitake."

"Nenda," mama akasema. "Nani amekuzuia?"

Mhudumu mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Lenzi hakucheka. Alimsogelea mchumba wake, akamwambia kwa sauti ya chini, "Usinipake tena."

"Sitakupaka."

Mama alidai kuku wa kweli, kwa kuwa njaa iliyomleta ilikuwa bado ipo. Kuku alipoletwa, upande mmoja alikuwa ameungua, maana mpishi alimsahau jikoni kelele zilipoanza. Mama alinyofoa kipande kilichoiva vizuri, akakiweka kwenye sahani ya Lenzi, akamwamuru akae ale.

Lenzi akainua kamera kwanza. Aliiona ile ngozi nyeusi, na mkono wake kwa mazoea ukaenda kuchukua brashi. Akaiacha mezani, akapiga picha hivyo hivyo.