Paskazia na Sauti ya Pili

Kila jioni Paskazia aliosha vyombo, akavianika kichanjani, kisha akaenda kanisani kwenye mazoezi ya kwaya, pale Bugarama. Tangu mama yake azikwe alifanya mambo yote hivyo: kwa mpangilio, bila furaha wala machozi. Moyo ulikuwa umekufa ganzi. Alitaka jambo moja tu, kwamba Pasaka ikifika asimame alipokuwa akisimama mama, kwenye sauti ya pili.

Tatizo, sauti yenyewe hakuijua. Alimdandia rafiki yake Euphrasia: alisimama ubavuni pake, akatega sikio, akafuata. Nani angegundua? Basi siku moja Euphrasia akaugua malaria. Wimbo ulipoanza, Paskazia akahamia sauti ya kwanza, ile inayobeba wimbo, bila kujua, akawavuta na wenzake. Lo! Kwaya nzima ikavurugika, vijana wa besi wakaangua kicheko.

Mwalimu Maduhu akamwita pembeni.

"Wewe huimbi, unafuata mtu," alisema. "Kabla ya Pasaka nitamsikiliza kila mmoja peke yake. Asiyeshika sauti yake atakaa na waumini."

"Nitaweza kweli, mwalimu?"

"Sikio linafundishika. Lete simu ya baba yako nikurekodie noti za kinanda: do, kimya, halafu mi. Kwenye kile kimya itafute mi kichwani, uiimbe. Dakika chache tu, lakini kila siku."

Akaanza. Do ililia, akaimba, simu ikajibu mi, wala hakusikia kama zimefanana au la. Nje karasha za kusaga mawe ya dhahabu ziliendelea kunguruma. Wiki zikapita vilevile. Hata hasira hakuwa nayo. Siku moja aliacha tu.

Baba yake alirudi kutoka karashani, vumbi mpaka kwenye kope. "Mbona siku hizi simu huiombi?"

"Sisikii tofauti, baba."

"Mimi nilipoanza kazi, mawe yenye dhahabu na yasiyo nayo niliyaona sawa. Nikawa nayashika tu kila siku, mpaka macho yakazoea. Haya, chukua."

Akachukua. Akarudia, akakosea, kesho yake akarudia tena. Jioni moja mi ikamtoka kabla ya simu kujibu. Akadhani amebahatisha. Kesho yake ikatoka tena, na mwalimu akamwongezea noti nyingine.

Wiki moja kabla ya Pasaka alikuwa anasugua sufuria. Baba, akifungia kuku bandani, aliimba ule wimbo wa kwaya, sauti ya kwanza. Paskazia akaitikia bila kufikiri, na mkono ukasimama palepale. Alichoimba ndicho mama alichokuwa akiimba akisonga ugali! Yeye, aliyezoea kumwita mama yake mayu, alikuwa akimcheka: "Mayu, wimbo unaukosea!" Mama alitabasamu tu, akaendelea.

"Baba," alisema, "mayu hakuwa anakosea. Alikuwa anaimba sauti ya pili."

Na hapo akalia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, akalia mpaka baba akaacha kuku na kuja kumshika.

Siku ya kupimwa aliimba peke yake mpaka mwisho. Mwalimu Maduhu akafunga kinanda.

"Sikukupa sikio jipya, Paskazia. Ulirudi tena na tena, hata siku ambazo hukusikia kitu, ndiyo maana leo unasikia. Wengi huacha wakiwa wamebakiza kidogo. Sasa nenda kasimame pale kwa mama yako."