Wimbo Uliokatwa Majina

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mujinga alifagia vumbi jekundu lililopenya chini ya mlango. Katika mtaa wa Kasulo, mjini Kolwezi, kufagia ni kazi isiyokwisha. Watu wamechimba madini ya kobalti ndani ya nyua zao, nyuma ya jikoni, hata chini ya vitanda, na vumbi la mashimo hayo halina adabu ya kungoja mlango ufunguliwe. Akimaliza kufagia alichota maji, akanywa chai kwa mkate, kisha akampitia rafiki yake Florentine wakaenda darasani pamoja.

Saa alizozipenda zilikuwa za baada ya masomo. Mujinga alikuwa na miaka kumi na mitatu, na kaka yake René, dereva wa pikipiki ya abiria, alikuwa amempa simu yake ya zamani yenye kioo kilichopasuka. Katika simu hiyo Mujinga aligundua tovuti ya wanamuziki wasio na kampuni wala meneja. Mtu yeyote aliweza kuweka wimbo wake hapo, na mtu yeyote aliweza kuusikiliza. Tovuti ilikuwa na ramani ya dunia. Ukigusa mji, zinatokea nyimbo za watu wa mji huo. Aligusa Dakar, akamsikia kijana akipiga gitaa jikoni kwao, masufuria yakigongana nyuma yake. Aligusa Kisangani, akawasikia wasichana wawili wakiimba kando ya mto.

Siku moja aligusa Kolwezi. Yakatokea maneno machache: Hapa hakuna wimbo bado.

Mujinga aliona kama ametukanwa. Mji ambao malori yake hayalali, mji ambao watu wa kila jimbo wameufuata kutafuta maisha, hauna hata wimbo mmoja? Alimwambia Florentine kwamba yeye ndiye atakayeuweka wa kwanza. Florentine alicheka, akasema sauti ya Mujinga inafukuza kuku. Ilikuwa kweli. Mujinga hakujua kuimba. Alichojua ni kukata sauti na kuziunganisha upya kwa simu, kazi aliyojifundisha mwenyewe kwa miezi mingi. Na ndani ya simu yake ilikuwamo sauti moja ambayo hakuwahi kusikia nyingine kama hiyo.

Wiki mbili kabla ya hapo, Sadrack, kijana wa nyumba ya pili, alikuwa ameshuka jua likizama katika shimo la uani kwao, na kuta zikamwangukia. Walimtoa kesho yake saa tisa alasiri, amekwisha kufa. Mama yake, Mama Tshiela, hakulia mbele ya watu. Siku ya pili ya msiba, ambao huku huitwa kilio, alijifunga kitambaa cheusi kichwani, akasimama katikati ya uwanja, akaimba kasala.

Kasala ni utenzi wa Waluba wa Kasai, ambao babu zao waliletwa huku kuchimba shaba. Unamwita marehemu kwa jina, kisha baba yake, kisha babu yake, jina baada ya jina, hadi mtu wa kwanza anayekumbukwa, ili marehemu asifike kwa wazee wake kama mgeni. Katikati ya majina kuna kiitikio. Cha Mama Tshiela kiliuliza kwa Kiluba cha Kasai: Mlishuka wewe na jua, mbona jua limepanda peke yake?

Wimbo wote ulichukua dakika kumi na moja. Watu wazima walilia kwa sauti. Mujinga naye alilia, na huku analia alikuwa amewasha simu.

Sasa alikaa kibarazani na kuanza kukata. Majina yalikuwa mengi, na hayakufuata mpigo wowote. Akalikata la Sadrack. Akalikata la baba yake, akalikata la babu yake. Kila alipokata, wimbo ulizidi kuwa mwepesi. Mwishowe kilibaki kiitikio peke yake, kikirudiwa mara kumi na mbili, na chini yake akatia mdundo wa ngoma wa kuchezea dansi aliopewa na René. Simu ilikuwa imejaa, ikamwuliza kama afute sauti ya zamani. Akaifuta.

Tovuti ilikuwa na nafasi mbili za kujaza: mtunzi ni nani, na mwimbaji ni nani. Kidole chake kilisimama juu ya kioo. Alijiambia kwamba Mama Tshiela hana simu ya namna hiyo, hajui tovuti ni nini, na hatajua kamwe. Akaandika katika nafasi zote mbili: Mujinga wa Kolwezi.

Baada ya siku nne watu mia tatu walikuwa wameusikiliza. Wenye tovuti wakauweka kwenye ukurasa wa mbele, na idadi ikaruka hadi elfu kumi na sita. Watu wa Nairobi na Marseille waliandika kwamba ngoma hiyo inawainua vitini. René aliwagawia madereva wenzake, nao wakaupiga kwenye spika za pikipiki zao kutoka sokoni hadi mtaa wa Musonoi. Florentine, yule wa kuku, alibuni hatua za kuuchezea: magoti chini, mikono juu, kama mtu anayepanda kutoka shimoni. Watoto wa mtaa mzima walizijua.

Mtu mmoja tu hakusifu. Mzee aliyejitaja kwa jina la Kisimba, anayeishi Ubelgiji, aliandika chini ya wimbo: “Binti yangu, hii ni kasala. Ni ya nani? Jina la marehemu liko wapi?”

Mujinga aliyasoma maneno hayo mara mbili. Halafu akayafuta.

Ikafika siku ya arobaini. Katika ukoo wa Mama Tshiela, siku hiyo mfiwa huimba kasala mara ya mwisho, kisha wanawake humfungua kitambaa cheusi na kilio kinakwisha. Asipoimba hadi mwisho, kitambaa hakifunguliwi. Watu walijaa uani, kando ya shimo lililokwisha kufukiwa. Mujinga alikaa nyuma kabisa.

Mama Tshiela alimwita mwanawe kwa jina, akaingia kwenye kiitikio. Hapo watoto wakaanza kupiga makofi. Wawili waliinuka, magoti chini, mikono juu. Mtu mmoja akacheka. Mama Tshiela alinyamaza, akawatazama kama mtu aliyeamshwa ghafla. Kijana mmoja dereva, ambaye hakuwa na nia mbaya, akataka kumsaidia.

“Mama, ile ni wimbo ya Mujinga,” alisema. “Sisi tunaichezaka kila siku.”

“Mi naimba ya mutoto yangu,” alisema Mama Tshiela.

Ili kuonyesha kwamba hasemi uongo, kijana yule aliwasha simu yake. Na pale pale, kando ya shimo lile, Mama Tshiela alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka ndani ya chombo, ikirukaruka juu ya ngoma, ikiuliza kuhusu jua, bila kumtaja mtu yeyote. Akaketi chini. Hakuimba tena. Wanawake walisubiri mpaka jua likaanza kushuka, kisha wakaondoka mmoja mmoja, na kitambaa cheusi kikabaki kichwani pake.

Nyumbani, René alijaribu kumtuliza dada yake. Alisema Mama Tshiela atasahau, huo ni wimbo tu, hakuna mtu aliyekufa. Alipoyasikia maneno yake mwenyewe, akainamisha kichwa.

Kesho yake baada ya shule Mujinga alikwenda peke yake. Mama Tshiela alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, kinuni, na hakuinua macho.

“Mama, ni mi niliiba wimbo,” alisema Mujinga.

“Najua. Mutu hasahau sauti yake mwenyewe.” Mchi ulipanda na kushuka. “Iko wapi ile yote? Ile ya majina. Nataka kuisikia.”

“Niliifuta, mama. Simu ilikuwa imejaa.”

Mchi ukasimama. Mama Tshiela hakupandisha sauti, na hilo lilimwumiza Mujinga kuliko fimbo.

“Sikia, Mujinga. Mawe inatoka hapa kila siku mu malori. Inaenda mbali, na haina jina ya mutu. Sadrack alikufa sababu ya ile mawe, na kule inafika hakuna mutu atauliza Sadrack ni nani. Mi nilibakia na kitu moja tu ya kutia jina yake. Wewe ukakata jina, ukaituma kama mawe.”

Mujinga alianza kulia.

“Usilie hapa,” alisema Mama Tshiela. “Machozi yako haiko majina. Bale batu balicheza, baambie kweli wewe mwenyewe. Kisha urudi.”

Siku hiyo hiyo Mujinga aliuondoa wimbo kwenye tovuti. Mahali pake aliandika kwamba haukuwa wake, kwamba ulikuwa wimbo wa kilio, na kwamba aliukata na kuuiba. Wengine walimjibu kwa hasira, wengine walimwomba aurudishe, maana ulikuwa unachezeka. Shuleni alisimama mbele ya darasa, akasema yote. Florentine alitazama pembeni, akaacha kumngoja asubuhi. Watoto wakampa jina la Mwizi wa Kilio, na jina hilo halikumtoka mwaka mzima. René alizunguka vituo vya pikipiki kuwaomba wenzake waufute. Baadhi walikubali. Baadhi walimcheka, wakasema simu ni zao na wimbo walipewa na yeye mwenyewe.

Jumapili iliyofuata watu waliitwa tena uani kwa Mama Tshiela. Walikuja wachache kuliko mara ya kwanza. Kabla ya wimbo, Mujinga alisimama mbele yao na kusema alichofanya, tangu kukata majina hadi kufuta swali la Mzee Kisimba. Hakuna aliyempigia makofi, na hakuna aliyemwambia kwamba si kitu.

Ndipo Mama Tshiela akaimba. Sauti yake ilikuwa imechoka, imekwaruza, na kila alipofika kwenye kiitikio aliwatupia macho watoto kwanza, kama anayeogopa. Haukuwa tena wimbo ule wa siku ya pili ya kilio, na kila mtu pale alijua kwamba ule hautasikika tena duniani. Lakini majina yote yalikuwamo, na aliimba hadi mwisho. Wanawake wakakifungua kitambaa cheusi.

Safari hii Mujinga hakuwasha simu mpaka alipoambiwa. Wimbo ulipokwisha, Mama Tshiela alimwita akae karibu naye, akamwambia autume kule, mzima, bila ngoma. Mujinga alipofika kwenye nafasi za kujaza aliuliza aandike nini, na Mama Tshiela akamtajia polepole huku akikifuata kidole chake kwa macho. Mtunzi: Tshiela. Mwimbaji: Tshiela. Kwa ajili ya Sadrack Ngoyi, wa Kabeya, wa Ilunga, wa Tshimanga aliyetoka ng’ambo ya mto Lubilanji.

Katika juma la kwanza waliusikiliza watu ishirini na watatu.

Mujinga alikwenda kumpa habari hiyo akiona aibu, maana idadi ilikuwa ndogo. Mama Tshiela alisema ishirini na watatu wanaomjua Sadrack wanatosha kujaza uwanja. Walikuwa wangali wameketi mlangoni pikipiki ilipopita barabarani, spika imefunguliwa mpaka mwisho, na sauti ya Mama Tshiela ikapita nayo, mara kumi na mbili, juu ya ngoma. Mujinga aliziba uso kwa viganja.

Mama Tshiela aliishusha mikono ile.

“Tazama vizuri,” alisema. “Ile hairudi tena. Nitaisikia mupaka nizeeke. Kwa hiyo ushike neno hii: kitu ya mutu, kabla ya kuituma, uliza mwenyewe wake. Akikubali, andika jina yake kabisa. Kama hautaandika, hauko mwanamuziki, Mujinga. Uko lori.”

Mujinga aliinuka, akatoka hadi kando ya barabara, akasimama katika vumbi kumngoja dereva yule arudi, amweleze wimbo anaoupiga ni wa nani.