Jibu Lililotangulia

Ukumbi wa vitambulisho ulikuwa umejaa mpaka kwenye ngazi. Watu wamekaa kwenye viti vya plastiki na karatasi za namba mkononi, watoto wanalia, feni moja inazunguka kwa kujivuta, na mwanamke wa kwenye spika anaita namba kama anayesuta.

Akaita sabini na tatu. Akarudia. Msichana mwenye sabini na nne, aliyevaa gauni la buluu lenye vifungo vyeupe kutoka shingoni hadi magotini, alimgeukia kijana wa kando yake.

"Kaka, unaitwa."

"Nina sekunde kumi na moja," kijana akajibu bila kuinua macho kwenye simu.

"Za kuishi?"

"Za kushinda."

Msichana akachungulia. Ilikuwa sataranji. Hata yeye asiyeujua mchezo aliona kwamba kijana kabakiwa na vipande vichache kuliko mwenzake, lakini vidole vyake vilikuwa vinaruka kama mtu anayeokota karanga kwenye kikaango cha moto. Kufumba na kufumbua, saa ya mwenzake ikaisha na simu ikaandika kwamba Umeme, jina lake la mchezoni, ameshinda.

"Ulikuwa unapigwa," msichana akasema.

"Nilikuwa napigwa sana. Lakini dakika zake tatu zimeisha kabla ya zangu. Huku, hata uwe umebakiza hatua moja ya kummaliza mtu, saa ikiisha umeisha wewe." Ndipo akainua uso, akatazama dirisha la huduma. "Wameniruka?"

"Zamani."

"Na nimepanga foleni tangu saa moja."

Spika ikaita sabini na nne. Msichana akasimama, akamshika mkono wa shati, akaenda naye hadi dirishani. "Huyu ni wa kwangu," akamwambia karani. "Tunaingia pamoja." Karani alimtazama kijana, akatazama shati lake la kijani lililokosa kifungo cha tumboni, akacheka, akapokea karatasi zote mbili.

Walipoambiwa wasubiri picha, msichana akachomoa sindano kwenye ukosi wa gauni lake. Alikuwa fundi, hakuenda mahali bila sindano wala uzi. Akamshonea palepale kifungo cheusi alichokuwa nacho mkobani, kitambaa kikiwa mwilini.

"Usitikisike."

"Nikitikisika?"

"Nitakushona na wewe."

"Basi ngoja nitikisike kidogo."

Alikata uzi kwa meno, karibu kabisa na tumbo lake.

Mapenzi yao yalianzia hapo. Yeye msichana alifanya kazi kwenye karakana ya sare za shule, ghorofa ya pili, na kazi yake ilikuwa moja tu: matundu ya vifungo. Mia mbili kwa siku, na hakuna lililopinda. Kijana alikuwa na duka la fotokopi, chumba chembamba chenye mashine mbili zinazounguruma na harufu ya wino wa moto. Aliishi juu ya duka hilo na mama yake, ambaye magoti yalimkatalia ngazi. Tangu mwaka juzi hajakanyaga chini. Kijana alikuwa mwanawe wa pekee. Kila adhuhuri alifunga duka akapanda na sahani.

"Fundi wangu," alimwita kwenye simu wakati wa mapumziko, "umekula?"

"Bado. Nina kola arobaini za kutoboa matundu."

"Kola zitakuoa?"

"Afadhali kola, zinatulia. Wewe hata salamu unaitikia kabla sijaitoa."

"Chelewa chelewa utakuta mwana si wako, laazizi."

"Na mwenda pole hajikwai," naye akajibu, wakacheka hadi wenzake wa karakana wakamwambia atoke nje na mapenzi yake.

Jumamosi mchana msichana alikaa dukani kwa kijana, kwenye kigoda cha nyuma ya mashine, akimtazama anavyocheza. Kuna watu wanaocheza kwa nguvu na watu wanaocheza kwa hila. Huyu alicheza kwa mbio. Hatua nane za kwanza zilikuwa zilezile kila siku. Ya tisa alimtupa farasi wake bure, kama mtu anayetupa ganda la ndizi njiani, ili mwenzake asimame ajiulize kuna nini. Akijiuliza, saa inamla. Hakuwa na haja ya kuwa na mchezo mzuri. Alihitaji mchezo uliochafuka na mtu mwenye wasiwasi upande wa pili. Kwa njia hiyo alifika alama elfu mbili na mia moja, akakwama hapo miaka miwili kama gari kwenye tope.

Siku moja msichana akatoa daftari lake la vipimo.

"Nimeandika michezo yako arobaini uliyoshindwa," akasema. "Ishirini na sita umekufa kifo kimoja."

"Umejifunza sataranji lini?"

"Sijajifunza. Nimekutazama wewe."

Kuna kitu wachezaji wa mbio wanakiita kutanguliza. Mwenzako bado anafikiri, wewe umeshaliweka jibu lako tayari kwenye simu. Akicheza ulichodhania, jibu linaondoka lenyewe, hupotezi hata nusu sekunde. Akicheza kingine, jibu lako linaondoka vilevile, na pengine umemkabidhi malkia wako kwa mkono wako mwenyewe.

"Unamjibu mtu hajasema," msichana akamwambia. "Wakubwa wameshakujua. Wanakusubiri hapo."

Kijana aliona haya. Kisha akacheka, kisha akauliza, "Sasa nifanyeje, mwalimu?"

"Kalia mikono."

"Nini?"

"Mikono yako, iweke chini ya mapaja, uikalie. Mwenzako akishacheza, hesabu moja, mbili, ndipo uitoe. Mimi nilifundishwa hivyo nilipoanza cherehani, nilikuwa nachomeka kitambaa kabla mguu wa mashine haujatulia. Tazama." Akamwonyesha kovu kwenye kidole cha shahada.

Wiki ya kwanza alishindwa karibu kila mchezo, akawa mkali kama pilipili. "Unaniua, Fundi." Wiki ya tatu vidole vikaanza kutii. Msichana alikaa mbele yake na rula ya kushonea. Mkono ukichomoka mapema anaugonga. Farasi hakutupwa tena bure. Akaanza kuviona vipande vya mwenzake, si vyake tu. Mwezi wa tano akavuka elfu mbili na mia nne, na kwenye mashindano ya mezani ya maktaba, pale mtu anapokaa saa mbili na mchezo mmoja, alikuwa wa pili kati ya watu sitini. Mama yake alimwita msichana kule juu, akamshika mashavu yote mawili.

"Mwanangu sasa ananisikiliza hadi mwisho wa sentensi," mama akasema. "Umempa dawa gani?"

"Nimemkalisha tu, mama."

Lakini tabia ukiifukuza mlangoni huzunguka dirishani. Kwenye sataranji aliacha kutanguliza. Kwenye simu, na mtu anayempenda, hakuna rula.

Msichana alikuwa na dada yake, tumbo moja, aliyekaa mji mwingine, mwendo wa saa saba kwa treni. Mjane, watoto wawili wadogo, na macho yanayofifia. Kila mwisho wa mwezi msichana alikwenda kumwona, na kila alipoaga kijana alimwambia maneno yaleyale: nenda tu mpenzi, usiniwazie. Mwezi ule dada alitoka hospitali na habari mbaya. Daktari alisema imebaki miezi miwili, labda mitatu, macho yazimike. Akasema pia neno moja la kweli: nyumba atakayoishi, yoyote iwayo, aanze kuijifunza sasa, angali anaona kidogo, mikono na miguu viikariri. Akishapofuka kabisa, kumhamisha itakuwa ukatili.

Msichana hakulala vizuri kwa siku tatu. Swali lake lilikuwa na pande mbili, akalipanga kama anavyopanga vifungo: kwanza hili, halafu hili. Alhamisi wakati wa mapumziko akakaa kwenye ngazi za karakana, akapiga.

"Umeme."

"Kipenzi changu."

"Dada macho yanazidi. Nimefikiri, ama mimi niende kukaa naye..."

"Nenda, mpenzi. Nenda tu. Usiniwazie mimi."

Nusu ya pili ya swali ilibaki mdomoni. Ama aje yeye na watoto hapa, tukae wote, na wewe ukubali kutuoa sote wanne. Ndiyo nusu aliyokuwa ameipigia simu.

"Umenisikia nilichosema?" akauliza taratibu.

"Nimekusikia. Ni dada yako. Damu ni damu. Mimi nitakuwa sawa kabisa."

Nyuma yake mashine ya fotokopi ilikuwa inaunguruma na mteja anaita. "Haya," msichana akasema. Akakata. Akarudi juu akatoboa matundu kumi na mawili, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, moja lilipinda.

Jumamosi msichana alipanda treni kwenda kwa dada, na Jumatatu kijana alipiga kuuliza kama amerudi salama. "Sirudi," akaambiwa. "Nimemkubalia dada. Nimeshaacha kazi."

"Umeacha? Bila kuniambia?"

"Nilikuambia. Ukasema uko sawa."

Kijana naye ana kiburi chake. Akaona ametemwa kwa ujanja, kwamba msichana alishaamua zamani. "Basi safari njema, Fundi," akasema, na simu ikawa nzito kwa wote wawili. Siku zikawa wiki. Kijana alirudi kwenye michezo ya dakika tatu tatu, akacheza tangu kufungua duka hadi kufunga, na alama zikazidi kupanda, maana sasa alikaa juu ya mikono yake bila kuambiwa. Alizitazama zikipanda kama mtu anayetazama mvua ya mji mwingine.

Miezi mitatu ilipita. Msichana alirudi siku moja tu, kuchukua cherehani yake aliyoiacha karakana. Shoga yake wa mashine ya jirani akamwona alivyokonda, akambana, akaambiwa yote, pande zote mbili za swali. Hakumwambia msichana kitu. Alishuka ngazi, akavuka barabara hadi duka la fotokopi.

Treni ilikuwa ya saa kumi alasiri. Saa tisa na dakika arobaini kijana alifika jukwaani akihema, shati lile la kijani likiwa limelowa mgongoni. Msichana amekaa kwenye benchi, gauni lile la buluu likimpwaya, cherehani ndani ya boksi miguuni. Kijana akakaa kando yake. Kabla hajasema neno, akaweka mikono chini ya mapaja, akaikalia.

"Sema yote," akasema. "Sitagusa kitu."

Msichana akasema yote. Alisema polepole, na mara mbili alinyamaza makusudi katikati, apime. Kijana hakumkatiza. Alipomaliza, macho ya kijana yalikuwa mekundu.

"Ningesema waje," akasema. "Wallahi ningesema waje siku ileile."

"Najua. Nimejua leo."

"Basi waje. Nitahama chumba, mimi nilale dukani."

"Dada haoni tena. Anaona mwanga tu, kama upo au haupo. Hatua kumi na moja kutoka kitandani hadi mlangoni. Tano hadi jikoni. Anajua kila msumari, anapika mwenyewe, anawavisha watoto. Nikimtoa pale nitakuwa nimempofusha mara ya pili." Akatazama reli. "Alijifunza nyumba ile kwa sababu nilimwambia nakuja mimi."

Treni ikaingia kwa kelele. Watu wakainuka na mizigo. Kijana alinyanyua cherehani, akaiingiza behewani, akashuka, akakaa tena palepale kwenye benchi kama mtu ambaye hajui pa kwenda. Msichana alibaki mlangoni mwa behewa. Kulikuwa na dakika nne kwenye saa ya jukwaa.

"Umeme," akaita. Alikuwa anaogopa, na hakuwahi kumwogopa. "Wewe unaweza kuja?"

Mikono ya kijana ilikuwa tayari imerudi chini ya mapaja.

Msichana alizijua hesabu zile. Alizifuata usoni mwake moja moja kama zimeandikwa. Mama na magoti yake, kule juu. Nani atampandishia sahani. Kumbeba mama saa saba kwenye treni, halafu? Nyumba ya dada, vyumba viwili tu. Duka, mashine. Ama amwache mama kwa nani, ama amlete akae wapi. Midomo yake ilisogea kidogo, kama ilivyokuwa ikisogea kwenye mashindano ya maktaba alipokuwa akitafuta njia, na mbele yake kila njia ikizaa nyingine. Zamani, siku ya kifungo, angejibu kabla swali halijaisha. Ndiyo au hapana, lingeondoka lenyewe. Msichana alitamani, Mungu amsamehe, yule kijana wa zamani.

Dakika mbili. Moja. Filimbi ikalia.

"Mpenzi," akamwita, kwa sauti ambayo haikufika.

Treni ikasogea. Kijana aliinua uso, akamtazama, mikono ingali chini ya mapaja. Benchi likaanza kurudi nyuma, pamoja na shati la kijani, na kile kifungo kimoja cheusi kisichofanana na wenzake.

Alikaa kando ya cherehani yake, simu mapajani, uso wa simu juu. Majengo yakapungua, yakawa maghala, yakawa mashamba. Mwanamke aliyekaa mbele yake akamuuliza kama anasubiri mtu apige.

"Hapana, dada," akasema. "Bado anafikiri. Mimi ndiye niliyemfundisha."