Tano Moja Sifuri Nne

Mwaka ule hapakuwa na mtu mjini Tabora mwenye simu, na hapakuwa na mtu asiyepigiwa.

Kazi yote ilifanywa na Mwitaji, mtambo uliotambaa chini ya mji kama mizizi ya mti wa mvumo. Kila raia alikuwa na punje-sikio, kidude kisichozidi chembe ya ulezi, kilichopandikizwa nyuma ya sikio angali mchanga. Ulipomtaka mtu ulitaja jina lake kamili, kama lilivyoandikwa serikalini, na kabla hujafumba mdomo alikuwa akikuitikia ndani ya kichwa chako. Fundi aliyekwama juu ya mnara wa upepo alimwita mwenziwe aliyekuwa Mwezini, akamuuliza spana kaiweka wapi. Akajibiwa, "Chini ya kiti, na uniache nile."

Namba zilikuwa zimefutwa miaka sita nyuma. Aliyeongoza kikosi cha kuzifuta alikuwa Mhandisi Mihayo Kapela wa Idara ya Miito, na siku ilipofutwa ya mwisho alikata keki.

Alhamisi moja, saa nane kasorobo mchana, Mihayo alisikia ofisini kwake kwamba mvua zimezidi na Bwawa la Isenga limejaa kabla ya wakati. Malango yangefunguliwa leo saa kumi, si Jumatatu kama ilivyopangwa. Bonde zima la Mwendo lingekuwa ziwa.

Mama mkwe wake alikuwa bondeni. Nyumba mpya mlimani alikwisha kupewa, ila alisema hahami mpaka Jumapili, kwanza ang'oe karanga zake.

"Mwitaji," alisema Mihayo, "niitie mama mkwe wangu."

"Taja jina."

"Mama Kalunde."

"Wapo akina Mama Kalunde elfu nne mia moja na kumi na wanane. Taja jina kamili."

Mihayo hakulijua.

Katika ukoo ule mkwe hatajwi jina. Mwanamume humwita mama wa mkewe "mama" na basi. Siku ya ndoa, Mihayo alipotia sahihi cheti, mjomba wa bibi harusi aliufunika kwa kidole gumba mstari wenye jina la mkwewe, ili macho ya kijana yasikosee njia. Tangu namba zifutwe, salamu zote zilipitia kwa mkewe, Kalunde. Naye Kalunde, mtaalamu wa mawe, alikuwa ndani ya chombo cha kwenda Mirihi, amelazwa usingizi wa safari. Kumwamsha kungechukua siku mbili.

Alikimbia nyumbani. Alipindua masanduku, akamwaga nguo za mkewe sakafuni, na saa nane na nusu akakipata cheti. Safari hii hapakuwa na kidole. Alilisoma jina huku shingo ikimwaka moto kama aliyechungulia bafu la watu. Jina lenyewe halitaandikwa hapa. Yatosha kwamba yeye alilitamka.

Punje ikalia mara mbili. Akasikia sauti ya mama mkwe wake, na kuku nyuma yake.

"Nani?"

"Mama, shikamoo, ni mimi Mihayo. Toka bondeni sasa hivi, maji yana..."

"Mihayo yupi?"

"Mkweo, mama! Mume wa Kalunde!"

"Mkwe wangu ana adabu zake," alisema mama, taratibu, kama anayepepeta. "Hata akiungua moto hawezi kulitia jina langu mdomoni. Sauti umeiiga vizuri, nakupa hongera. Adabu hukuiiga. Mwizi mkubwa we!"

Akakata.

Hapa yafaa kueleza kwamba mama yule hakuwa mjinga. Mwezi uliotangulia walipita waigaji, wezi wenye mashine za kuvaa sauti za watu. Walitangaza bondeni kwamba maji yanakuja, watu wakakimbilia mlimani, na waliporudi hawakukuta mbuzi hata mmoja. Sauti ilikuwa imekufa kama ushahidi. Mama alibakiwa na kipimo kimoja tu cha kumjua mkwewe, na kipimo hicho Mihayo alikuwa amekivunja kwa neno la kwanza.

Aliita tena, mama akakata. Akamwomba Tatu, mwenzake wa kazini, aite yeye. Tatu alirudisha jibu sauti ikimpanda: "Kasema, 'Sasa mnaleta na wanawake!' Halafu kanitukana matusi ambayo sijayasikia tangu shule."

Ikabaki kulisimamisha bwawa. Malango yalisimamiwa na Bawabu, akili ya chuma isiyolala wala kupokea chai.

"Nyumba mia tatu na sita zimetangaziwa," alisema Bawabu. "Zote zimesikia."

"Yupo mmoja hajasikia!"

Akalitaja jina. Mara ya nne hiyo, na ulimi haukuzoea.

"Huyo amesikia saa mbili asubuhi. Alijibu, 'Wezi nyie, mbuzi hamkushiba?' Jibu limepokewa. Aliyejibu amesikia."

"Kujibu si kuamini!"

"Kipengele cha kuamini hakimo."

"Tumeni basi kikosi kikamtoe!"

"Kikosi hutumwa kwa asiyesikia. Na anga la bonde limefungwa."

Bonde lilikuwa kilomita mia mbili kutoka mjini. Mihayo alisimama barabarani, mikono kichwani, watu wakimpita wakizungumza na hewa. Ndipo vidole vyake vikaanza kugonga paja, vyenyewe, bila kuagizwa. Tano. Moja. Sifuri. Nne.

Ilikuwa namba ya nyumba ya kina Kalunde. Wazee kumi na wawili wa bonde waligoma kutoa simu zao za mezani, na nyaya zao hazikung'olewa kwa sababu gharama ya kuchimba ilizidi bei ya shaba. Alipokuwa akimposa Kalunde, Mihayo aliipiga namba hiyo mara mia, moyo ukimdunda, maana aliyepokea daima alikuwa mama.

Nyaya zile ziliishia kwenye Nyumba ya Makumbusho ya Mawasiliano. Alifika huko saa tisa na dakika kumi, shati limemganda mgongoni. Mlinzi wa mitambo, Mzee Sizya, alikuwa anaipangusa swichibodi, ubao wa kuunganishia simu, kwa kitambaa.

"Shikamoo mzee. Nataka bondeni, tano moja sifuri nne, haraka!"

"Marahaba." Mzee alimtazama juu mpaka chini. "Wewe si yule bwana wa keki?"

"Ndiye."

"Mlizizika namba bila hata sanda. Leo umekuja kufukua kaburi?"

"Mzee wangu, mama mkwe anakufa maji!"

Mzee Sizya akatupa kitambaa. Hakuuliza tena. Alichomeka waya huku mdomo ukiendelea, maana mdomo wake haukuwa na swichi.

"Zamani opereta alikuunganisha kwa jina, kama huyo Mwitaji wenu. Opereta akiugua, mji mzima bubu. Akikuchukia, hupati mtu. Kuna mzika maiti mmoja Marekani alishuku kuwa opereta anawapeleka wafiwa kwa mshindani wake. Akaunda mtambo wa namba, asimtegemee mtu. Namba haina ukoo, kijana. Haimtukani mtu. Shika!"

Akampa mkono wa simu. Kidude cha kuzungushia namba kiling'olewa zamani na watoto wa shule.

"Gonga kitako hiki panapolazwa mkono wa simu. Kila pigo linakata umeme mara moja. Tano ni mapigo matano, unapumua, moja, unapumua, sifuri ni kumi. Usiwe na pupa, mashine huhesabu mawili kuwa moja."

Mihayo aligonga. Kwenye sifuri akateleza. Simu ikaita, ikaita, katika nyumba fulani ambayo wenyewe walikwisha kuhama. Ikaita ukuta mtupu.

"Umekosea," alisema Mzee Sizya. "Rudia. Hesabu kwa sauti, nami nihesabu."

Watu wazima wawili wakahesabu pamoja kama watoto wa chekechea. Kumi. Pumzi. Nne. Kukawa kimya kirefu, kisha mlio. Mmoja. Miwili. Saba. Saa ya ukutani ilionyesha tisa na dakika ishirini na tano.

"Tano moja sifuri nne," alijibu mama, kama walivyofundishwa watu wa kale, kutaja namba kwanza na salamu baadaye.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba! Mkwe wangu!" Sauti yake ilichanua. "Nilijua. Wezi wameniita leo mara nne, mmoja amevaa sauti yako, ananitaja jina zima bila haya! Nikasema huyu hata mama yake hakumlea."

Mihayo alifumba macho.

"Umefanya vyema, mama. Lakini maji ni kweli. Malango yanafunguliwa saa kumi. Acha kila kitu, panda mlimani."

"Ni wewe unasema?"

"Ni mimi."

"Goti langu mlima huu halipandi chini ya nusu saa."

"Basi nenda, mama. Nenda sasa."

Hakuaga. Alisikika akiutua mkono wa simu mezani badala ya kukata, akimfukuza kuku nje, mlango ukilia. Kisha nyumba ikabaki peke yake. Mihayo aliisikiliza saa ya mama mkwe wake ikitembea kilomita mia mbili mbali. Mzee Sizya aliokota kitambaa chake, akasahau kupangusa.

Saa kumi na dakika sita kulisikika mvumo kama treni iliyokosa reli. Kitu kilianguka. Sufuria ziligongana. Halafu waya ukafa, na haukulia tena.

Alimuuliza Bawabu juu ya watu waliofika mlimani. Bawabu alijibu kwamba mlimani hakuna orodha, kwa kuwa wote walikwisha kusikia.

Ikabaki njia moja. Alingoja nusu saa, akiogopa jibu kuliko ukimya. Kisha, mbele ya Mzee Sizya aliyegeuka kando ili asisikie, akalitamka jina. Punje ikalia. Ikalia tena.

"Kalunde? Mwanangu?" Sauti ilikuwa ya mtu aliyekosa pumzi, na upepo wa mahali pa juu ukivuma nyuma yake.

Mihayo aliuma kiganja chake machozi yakimtiririka. Hakuthubutu kusema.

"Aa, ni wewe tena, mwizi," alisema mama. "Sikia nikwambie. Nyumba imekwenda, karanga zimekwenda, simu imekwenda. Sina cha kuibiwa. Nimekaa juu ya jiwe, na niko hai kwa sababu mkwe wangu wa kweli alinipigia kwa waya. Waya wenyewe sasa uko chini ya maji. Wewe una nini cha kusema?"

Angeweza kusema. Neno moja tu, na mama angejua kwamba mkwe mwema na mwizi ni mtu mmoja.

"Samahani mama," alisema Mihayo, akiikwaruza sauti yake mpaka isifanane na ya mtu yeyote. "Nimekosea."

"Na usinitaje tena."

"Sikutaji tena."

Akakata. Mihayo aliushika ule mkono wa simu uliokufa, akawaza namna ya kumpigia mama mkwe wake kesho, kumuuliza amelalaje, amekula nini. Hakuiona njia. Zote alikuwa amezifuta mwenyewe.